Kinywa cha Venansia

Mama Faida alizikwa Uvira mwezi uliopita. Nilifika kutoka Kigoma siku moja baada ya mazishi, shati langu bado likinuka mafuta ya meli, nikawakuta waombolezaji wameketi kwenye mikeka pale mtaani Mulongwe, na watu wakisimama mmoja mmoja kumsifu. Nilipewa bugali na sombe, yaani kisamvu, nikala nikisikiliza. Walisema alikuwa mkarimu, kwamba mgeni hakutoka kwake na njaa, kwamba samaki wake hawakuwahi kuwa na mchanga. Yote yalikuwa kweli, na yote yalisemwa kwa sauti kubwa, kama tunavyosema sisi tukiwa na hakika kwamba anayesifiwa hasikii. Kati ya wale wasemaji niliwatambua watoto wa watu ambao zamani walikuwa wakivuka njia ili wasisalimiane naye. Kisha binti yake Faida, ambaye sasa ana watoto wake, akanigeukia mbele ya wote: “Kaka, weye ulikaa mu nyumba yetu mwaka ule. Simama useme.” Nilisimama. Nilisema maneno mawili matatu, nikaketi. Mwaka ule hausemeki msibani, watu wakisubiri chai. Nimekwisha kuishi Bujumbura, Kalemie na Mpulungu, nimejenga kuta katika miji ambayo majina yake yamebadilika nyuma yangu, na kila nilipohama nimeubeba. Sasa nauandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, bado Wabeleji wakitawala. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimetoka shule ya mapadri na miaka michache ya sekondari, nikisubiri kazi ya ukarani ambayo haikuja. Wakati nikisubiri niliwajengea watu kuta za matofali. Nilipanga chumba nyuma ya jiko la Mama Faida. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia suruali, na ukuta usiofika paani, kwa hiyo moshi wa jiko na maneno ya wenye nyumba vilinifikia kwa pamoja. Jioni tulikula wote uani: bugali wa muhogo, ndagala waliokaangwa kwa mawese, na siku za bahati mukeke mzima, samaki mnene wa ziwa letu, ngozi yake ikipasuka juu ya makaa. Mama Faida alimweka mbele yetu akiwa amekunja uso. “Samaki mubaya,” alisema. “Muvumilie tu.” Mara ya kwanza nilidhani ananiomba radhi, nikamwambia hapana, mama, ni mtamu sana. Mumewe aliacha kutafuna. Mama Faida alichota majivu kidogo akayamwaga kando ya sufuria, na tukaendelea kula.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba mtaani kwetu kitu kizuri hakisemwi. Baba Faida alirudi kutoka ziwani asubuhi, mtumbwi umejaa ndagala mpaka karibu kuzama, na mkewe akimuuliza, “Mumepata?” yeye alijibu, “Vya paka.” Mwanamke aliyejifungua mtoto mwenye afya alimpaka masizi nyuma ya sikio. Mtoto wa mwisho wa nyumba yetu alibatizwa Paskali, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Kabwa, yaani mbwa, na wageni walipomtazama walisema, “Lo, ni mubaya huyu!” na mama yake alishukuru. Si kwamba hawakuuona uzuri. Waliuona vizuri sana, ila waliamini kuna masikio mengine yanayosikiliza, na kwamba sifa ni kama kuonyesha kwa kidole mahali ulipoficha kuku wako. Nimekaa na watu wa mataifa mengi tangu hapo na sijawacheka kwa hilo. Mahali ambapo watoto wengi hawafiki miaka mitano, mtu hujifunza kunong'ona.

Venansia hakujifunza. Alikuwa Mrundi wa tambarare ya Ruzizi, wa ukoo wa wachungaji, mwanamke mrefu wa makamo. Mumewe, mkausha samaki wa Mulongwe, alikuwa amefariki kabla sijafika, akamwachia nyumba ya udongo kando ya mto na hakumwachia mtoto. Kwao, alituambia, ng'ombe husifiwa asubuhi na jioni, kwa jina lake, kwa pembe zake, kwa mwendo wake, na asiposifiwa hubana maziwa. Alileta tabia hiyo ufukweni kwetu kama mtu anayeingia na viatu msikitini. Namkumbuka siku ya kwanza nilipomwona, kikapu kichwani, amesimama mbele ya mtumbwi wa Baba Faida. “Yemwe!” alipaza sauti. “Muangalie! Umejaa kama kiwele cha ng'ombe aliyezaa jana! Wanaume hawa hawalale. Wanaume hawa wanalisha muji muzima!” Wavuvi walisimama kana kwamba wamemwagiwa maji. Mmoja alichota maji ya ziwa kwa kiganja akanyunyizia mtumbwi. Mwingine akasema, “Mama, funga kinywa, kesho tutakula muchanga.” Watu walicheka, lakini si wote.

Mimi alinisifu wiki ileile. Nilikuwa najenga ukuta wa ghala la mtu kule Songo, naye alikuwa anapita na kuni. Aliziteremsha, akautazama ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, “Mwana wanje,” yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, “ukuta huu umesimama kama muntu aliyeoga.” Sijui nimweleze vipi mtu aliyezoea kusifiwa tangu utotoni. Shuleni nilipigwa nilipokosea na nilinyamaziwa nilipopatia. Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Kesho yake nilibomoa mistari ambayo mwenye ghala asingeiona kamwe, nikaijenga upya, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa ameitazama kazi yangu.

Alimsifu pia Kabwa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Alikuwa ameingia jikoni kwetu kuomba moto. Mtoto alikuwa sakafuni, uchi, akipiga sufuria kwa mwiko. Venansia alimwinua juu ya kichwa chake. “Huyu ni nani? Huyu ni mufalme! Angalia paji la uso, angalia mapaja, huyu atakanyaga udongo na udongo utasikia!” Mama Faida alisimama upesi. “Yaya,” akamwita kama dada mkubwa, “nyamaza. Huyu ni Kabwa tu.” Venansia akacheka. “Mudogo wangu, mbwa hana macho kama haya. Ukimuita mbwa kila siku, yee atajuaje kama ni muntu?” Mama Faida alimchukua mwanawe akamfunga mgongoni. Usiku ule, kupitia juu ya ukuta usiofika paani, nilimsikia akimwambia mumewe, “Hana ubaya. Ni kinywa tu.” Baba Faida akajibu, “Na moto je? Una ubaya? Ni moto tu.”

Mwaka ule mvua ilinyesha milimani kuliko kwetu. Jua liliwaka Mulongwe, nguo zikakauka kwenye kamba, halafu mto ukashuka ghafla, mwekundu, ukisukuma mawe, na tukayasikia yakigongana chini ya maji kama watu wanaohama nyumba. Wazee walitazama juu mlimani, wakatazama mto. Kisha surua ikaingia mtaa wa Rugenge. Mganga wa zahanati alipita akiagiza watoto wagonjwa watengwe, na Faida, aliyekuwa bado mzima, akapelekwa kwa bibi yake Songo. Maiti ndogo zilianza kupita mbele ya nyumba yetu zimefungwa mikekani, zikibebwa na mtu mmoja tu, maana hazikuhitaji wawili. Ugonjwa ulivuka mtaa hadi mtaa, ukafika kwetu, na ulipofika watu hawakuuliza umetoka wapi. Waliuliza umeitwa na nani.

Aliyewajibu alikuwa Mama Shukuru, muuza mawese, mwanamke aliyekuwa akiongoza wanawake wa mtaa katika arusi na misiba. Sisemi alikuwa mbaya. Alikuwa amezika mjukuu. Jioni moja alikuja uani kwetu na wenzake wawili, nami nikamsikia nikiwa kitandani. “Mutoto wa fundi baiskeli, nani alisema ana meno kama maziwa? Yeye. Mapacha wa Songo, nani aliwachezea? Yeye. Mujukuu wangu...” Kisha akaendelea, taratibu zaidi, na ule upole ndio ulionitisha. “Mwanamuke asiye na mutoto anasifu batoto ya wengine kwa sababu gani, Mama Faida? Muntu anasifu kitu anachotaka kuchukua. Na wako amemusifu. Tulisikia wote.” Mama Faida alisema tu, “Chai inapoa, mama.”

Baada ya hapo, Venansia alipopita, milango ilifungwa mbele yake mmoja baada ya mwingine. Kina mama waliwafunika watoto kwa kanga. Bombani walimwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Nilimfuata siku moja nikamwambia kwa heshima zote, “Mama, punguza kinywa. Angalau mpaka ugonjwa upite.” Alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni. Alipepeta muda mrefu. “Mwana wanje,” akasema, “mutoto sina. Ng'ombe sina. Nyumba hii mto utaichukua. Kitu ninachoweza kumupa muntu ni hiki kimoja. Nikikifunga nitakuwa ninakaa hapa kwa kazi gani?” Akanyanyua ungo kuelekea kwa jirani aliyekuwa akitwanga ng'ambo ya ua. “Yemwe, angalia anavyotwanga yule! Kama ngoma!” Yule jirani aliacha mchi kinuni, akaingia ndani.

Kabwa alishikwa na homa siku ya soko. Macho yakawa mekundu, kikohozi kikavu, kisha vipele nyuma ya masikio, palepale palipopakwa masizi. Wanawake waliokuwa wakila kwetu hawakuja. Waliogopa kupeleka ugonjwa kwa watoto wao, na siwalaumu. Aliyekuja ni Venansia. Alisimama nje ya ua, kwanza bila kuingia, mikono mitupu. Baba Faida alikwenda kumzuia. Mama Faida akasema kutoka ndani, “Mwache. Minye nimechoka kushika peke yangu.” Akaingia. Tangu hapo hakutoka. Alichota maji mtoni maji yalipokuwa safi, akayachemsha, akamfuta mtoto, akamwekea uji mdomoni kwa kidole, tone kwa tone. Alipika mboga ya lengalenga akatulisha mimi na Baba Faida kama tuliopoteza akili. Na alinyamaza. Katika siku zile zote hakusema hata mara moja kwamba mtoto ni mzuri. Nilisikia tu pumzi ya Kabwa, ikivutwa na kuachwa kama kitu kinachoburutwa kwenye changarawe, na mawe ya mtoni, na adhuhuri moja nikasikia mawe peke yake.

Tulimzika jioni ileile. Kesho yake, kabla ya jua kukaza, niliona matete makavu yameegemezwa kwenye nyumba ya Venansia. Mafungu manene, yamepangwa upande wa mlango na upande wa dirisha, kwa mpangilio mzuri, kama kazi ya watu wasio na haraka. Yeye mwenyewe alikuwa ndani. Kila mtu aliyepita aliyaona na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Kapita, yaani mkubwa wa mtaa aliyewekwa na serikali, aliita watu uani kwake baada ya chakula cha mchana. Aliogopa jambo lisije likafika kwa Mzungu msimamizi wa teritwari, yaani wilaya. Alitaka mwanamke yule aondoke kwa miguu yake kabla ya giza, arudi tambarare. Lakini vijana waliosimama nyuma hawakuonekana kama watu wanaosubiri mtu aondoke. Mmoja alikuwa na kiberiti, akikifungua na kukifunga.

Venansia aliletwa akaketishwa chini, peke yake, katikati. Mtaani kwetu aliyefiwa, nywele zake zikiwa zimenyolewa karibuni, husema kwanza, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza mpaka aketi mwenyewe. Kwa hiyo wote walimngoja Mama Faida. Alihitaji kusema neno moja tu. Hata kunyamaza kungetosha. Mama Shukuru alimshika bega kwa upole, akamsukuma mbele kidogo. “Sema, mwanangu. Sema aliyemuchukua.”

Mama Faida alisimama. Kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. “Munataka niseme aliyemuchukua,” akasema. “Sijue. Nitasema aliyemuosha.” Watu walitikisika. Akanyoosha mkono. “Huyu. Venansia. Ninamutaja kwa jina lake, musikie. Huyu aliingia kwangu ninyi mukiwa kwenu. Alishika matapishi ya mwanangu kwa mikono yake. Alimupikia bwana yangu. Alilala chini ili minye nilale kitandani.” Sauti yake ikapanda, na nikatambua kwamba anaiga, bila kujua, ule wimbo wa Venansia ufukweni. “Yeye ni mwanamuke muzuri! Kuliko minye. Kuliko weye, Mama Shukuru, na weye uko muzuri, ulinizalisha mutoto wa kwanza na sikukuambia. Huyu mikono yake hailale. Moyo wake iko kama nyumba ya milango mbili!” Kijana wa kiberiti aliacha kukifungua. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kusikia maneno kama hayo juu ya mtu aliye hai, mbele ya uso wake, mchana.

“Na mwanangu,” akasema. “Mwanangu alikuwa muzuri. Ninyi wote mulijua. Minye nilijua kila asubuhi. Nilimuita mbwa ili abaki, na hakubaki. Katika maisha yake muntu mumoja tu ndiye alimuambia kama yeye ni mufalme. Munataka nimuchome huyo?” Hakuketi. Alibaki amesimama, na kwa kuwa hakuketi, hakuna aliyeweza kusema. Mvua ilikuwa imeanza mlimani; tuliisikia kabla ya kuiona. Watu walianza kuondoka kutoka nyuma, wawili watatu, wakijifanya wanakwenda kuanua nguo. Kapita alisema jambo kuhusu amani, akaingia kwake. Mwishowe tulibaki sisi wanne uani, na Mama Faida bado amesimama, mpaka mumewe alipomshika kiwiko akamwambia kwa sauti ndogo, “Imetosha, mama. Wamesikia.”

Hakuna aliyeyawasha matete, na hakuna aliyeyaondoa. Yalikaa pale majuma mengi, yakiloa na kukauka, na Venansia aliingia na kutoka katikati yake. Nimeona vita baadaye, nimeona mji mzima ukikimbia, lakini sijaona kitu cha kutisha kama yale matete yaliyosubiri. Na waliotusamehe hawakuharakisha. Wavuvi wawili waliuacha mtumbwi wa Baba Faida wakahamia mwingine. Samaki wa Mama Faida walioza sokoni kwa kukosa mnunuzi wa kuwageuza. Alipoamkia, watu walijibu wakitazama pembeni. Tulikula muhogo mkavu, na hakuwa na haja tena ya kutuambia chakula ni kibaya. Lakini lililoniuma zaidi ni Venansia. Alifunga kinywa. Alipita ufukweni mbele ya mitumbwi iliyojaa, kikapu kichwani, macho chini, kama mtu yeyote wa Mulongwe. Nilimaliza ukuta mwingine, mrefu kuliko ule wa kwanza, nikamngoja apite. Akapita. Alisema, “Ni sawa,” akaenda.

Mwaka ulipokaribia kwisha Mama Faida alijifungua msichana. Surua ilikuwa imekwisha na wanawake walianza kurudi, kwanza mmoja, kisha watano, wakaketi sebuleni wakinywa uji, wakimtazama mtoto kwa pembe ya jicho. Mama Shukuru alikuja na chupa ya mawese. Alianza, kama desturi, “Lo, huyu naye ni mub...” Mama Faida alinyanyuka kabla hajamaliza. Alimfunga mtoto kifuani, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni. “Musomi, unibebee kiti.” Nikabeba kiti. Alitembea polepole, bado damu ya uzazi haijakauka, njia nzima hadi kando ya mto, na wanawake walitufuata kwa mbali, hawakutaka kuja na hawakuweza kubaki.

Venansia alikuwa anafagia. Alipotuona aliegemeza ufagio mlangoni. Mama Faida aliketi juu ya kiti, akafungua kanga, akamtoa mtoto mwanga ukimpiga usoni. Hakuwa na masizi popote. “Anaitwa Furaha,” akasema. “Jina lingine hana. Nimemuleta umusifu.”

“Hapana, mudogo wangu,” Venansia akasema. “Usinitie mu kitu kile.”

“Yule aliondoka na sifa zako tu. Minye sikumupa hata moja. Huyu sitaki angoje.”

“Wanaangalia.”

“Ndiyo. Waangalie.”

Venansia alifuta viganja vyake kwenye nguo. Alimpokea mtoto kama anayepokea maji yaliyojaa hadi ukingoni. Nilisikia nyuma yangu wanawake wakivuta pumzi pamoja. Kisha, kwa sauti ndogo sana, akaanza. Alisema nywele. Alisema paji la uso, kwamba limetulia kama ziwa alfajiri. Alisema masikio, alisema shingo, na sauti ikaanza kupanda kidogo kidogo, ikitafuta mahali pake pa zamani.

Mtoto akapiga chafya.

Mama Shukuru aliweka mkono kinywani. Mtu mmoja alianza kusali. Venansia alinyamaza katikati ya neno, uso wake umebadilika rangi, akanyoosha mikono kumrudisha mtoto kwa mama yake. Mama Faida hakumpokea. Alikuwa ameshika pande mbili za kile kiti.

“Endelea, Yaya,” akasema. “Bado haujasema mikono.”